Mkanda wa Kwanza Usirudi Mtupu: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha za Filamu Nairobi kwa Pesa Kidogo

Wengi wanaoanza kupiga picha kwa kamera ya filamu, yaani ya mkanda, mjini hapa hukwama pale pale. Mtu anapeleka mkanda studio, anasubiri, kisha anakabidhiwa utepe wa plastiki usio na kitu. Lawama zinaenda kwa aliyemuuzia kamera ya mitumba, au kwa studio. Mara nyingi wote wawili hawana kosa. Filamu haikunasa ndani ya kamera, au ilinasa ikanyimwa mwanga.

Ukitaka picha za lo-fi, zenye chembechembe, rangi zilizopauka na kona zilizofifia, kamera duni haikuzuii. Hizo ndizo picha inazozitoa. Lakini picha duni na picha isiyokuwepo ni mambo mawili tofauti, na mwongozo huu ni wa kukuvusha hapo katikati.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kamera moja ya filamu ya milimita 35
- Mikanda miwili ya rangi ya aina moja, ASA 200 au 400 (kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga; kwenye boksi imeandikwa ISO, ni kile kile)
- Mkanda mmoja ulioharibika, wa kufanyia mazoezi
- Betri mpya, kama kamera yako inazitumia
- Tepu nyeusi ya fundi wa umeme
- Pamba, siki kidogo na kitambaa laini
- Daftari dogo na kalamu
- Pesa za kusafishia filamu (kuitia dawa ili picha zitokee), zilizotengwa kando

Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Kamera unainunua mara moja, lakini filamu na kusafisha utalipia kila mkanda. Kamera ikimeza zaidi ya nusu ya pesa zako zote, rudisha, tafuta ya bei nafuu. Nimeona watu wenye kamera nzuri kabatini ambayo haijapata filamu tangu inunuliwe.

## Hatua ya 1: Nunua kamera isiyo na akili

Kwa anayeanza kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kamera mpya ya plastiki kama Kodak M35 au Ilford Sprite 35. Hizi hazina cha kurekebisha: lenzi imefungwa mahali pamoja, tundu lake halibadiliki, na shata (kipazia kinachoruhusu mwanga kufika kwenye filamu) hufunguka kwa takriban sehemu ya 1/120 ya sekunde kila mara. Betri ni ya flashi tu. Ikiisha, kamera bado inapiga.

Ya pili ni kamera ya nusu fremu, kama Kodak Ektar H35. Kila picha inachukua nusu ya nafasi ya kawaida, kwa hiyo mkanda wa picha 36 unakupa 72. Kwa mwenye pesa kidogo, hii ndiyo ningependekeza kwanza. Chembe zinaonekana zaidi kwa sababu picha ni ndogo, lakini si ndizo ulizozifuata?

Ya tatu ni mitumba: Gikomba, Toi, vibanda vya vifaa vya zamani, au kabati la mjomba aliyekuwa akipiga picha za harusi. Humo utakutana na Zenit za Kirusi, Pentax K1000, Olympus Trip 35 na kamera ndogo za otomatiki za miaka ya 1990. Trip 35 haihitaji betri kabisa. Ina kipima mwanga kinachojiendesha kwa mwanga wenyewe, na kukiwa na giza inakataa kupiga na kukuonyesha kibendera chekundu kwenye dirisha.

Jinsi ya kukagua kamera ya mitumba ukiwa bado kibandani. Fungua mlango wa nyuma. Elekeza lenzi kwenye mwanga, vuta mkono wa kusogezea filamu, bonyeza kitufe huku ukichungulia kwa nyuma. Lazima uone duara la mwanga likipepesa. Kama ina spidi nyingi, jaribu 1/30 kisha 1/500; tofauti isikike kwa sikio. Kisha tazama lenzi kwa pembeni. Vumbi kidogo halina shida, lakini nyuzinyuzi kama za utando ni kuvu, na kuvu haitoki kwa kufuta. Fungua pia mfuniko wa betri: ukikuta unga wa kijani au mweupe, punguza bei, kisha nyumbani usugue kwa pamba yenye siki.

Pitisha kidole kwenye mifereji ya mlango wa nyuma. Kamera za zamani zina sponji nyeusi humo za kuzuia mwanga, na zikizeeka hugeuka lami. Si sababu ya kuacha kamera. Ng'oa hiyo lami, ubandike uzi mweusi wa sufu mahali pake kwa gundi kidogo.

Tahadhari mbili. Kwanza, kuna kamera nyingi za bei rahisi zinazotumia filamu ya APS, ambayo Kodak na Fujifilm waliacha kuitengeneza mwaka 2011. Utazijua kwa sababu filamu huingia kupitia kimlango kidogo, si kwa kufungua mgongo wote. Ziache, hata ukipewa bure. Pili, usifungue kwa bisibisi kamera yoyote yenye flashi. Ndani kuna kapasita inayohifadhi umeme wa volti mia kadhaa hata baada ya betri kutolewa, na itakurusha.

## Hatua ya 2: Chagua filamu moja uizoee

Chukua filamu ya rangi ya kawaida: Kodak Gold 200, ColorPlus 200 au UltraMax 400. Namba ikiwa kubwa, filamu inahitaji mwanga mdogo zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti, Nairobi ikijifunika mawingu asubuhi hadi jioni, nenda na 400. Januari na Februari jua likiwaka, 200 inatosha.

Sababu ya kuanza na rangi ni kwamba filamu ya rangi ya negativu (inayotoa picha yenye rangi zilizogeuzwa, ambazo baadaye hugeuzwa tena) ni mvumilivu. Ukiizidishia mwanga mara nne bado itakupa picha nzuri. Ukiupunguza hata nusu, inaanza kuonyesha hasira.

Achana na filamu iliyopitwa na wakati kwa sasa. Ina mvuto wake, lakini ikirudi vibaya hutajua kama kosa ni lako, la kamera au la filamu yenyewe. Anayeanza hapaswi kuwa na washukiwa watatu.

Kama kuna jamaa anakuletea filamu kutoka nje, mwambie aiweke kwenye mkoba wa mkononi na aombe ikaguliwe kwa mkono. Mashine za kukagua mizigo mikubwa zinaiharibu. Jambo hilo hilo likumbuke ukipanda SGR, kwa sababu mizigo hupitishwa kwenye mashine kabla ya kuingia stesheni.

## Hatua ya 3: Pakia filamu (mikanda mingi hufia hapa)

Fanya hatua hii kwanza kwa ule mkanda wa mazoezi, mlango ukiwa wazi, mpaka mikono ijue kazi. Studio nyingi zina mikanda iliyoharibika, omba mmoja. Maelezo haya ni ya kamera ya kuvuta kwa mkono.

1. Kaa kivulini. Jua kali linaweza kupenya kwenye mdomo wa kikopo cha filamu.
2. Inua kipini cha kurudishia filamu, weka kikopo mahali pake, kisha shusha kipini kishike mhimili.
3. Vuta ulimi wa filamu hadi upande wa pili na uchomeke ncha yake kwenye upenyo wa spuli inayopokea. Ncha iingie barabara, isilale juu juu.
4. Vuta mkono wa kusogezea taratibu. Tazama vitundu vya pembeni: safu ya juu na ya chini zote zikae kwenye meno. Safu moja ikining'inia, filamu itapinda na kuchanika katikati ya safari.
5. Usifunge mlango mpaka filamu imezunguka spuli mzunguko mmoja kamili ukiuona kwa macho.
6. Funga. Zungusha kipini cha kurudishia polepole kufuata mshale mpaka kikaze kidogo, kisha acha. Umeondoa ulegevu uliokuwa ndani ya kikopo.
7. Sasa vuta na ufyatue mara mbili, jicho likiwa kwenye kile kipini. Lazima kizunguke chenyewe kila unapovuta.

Hiyo namba saba ndiyo kipimo cha kufaulu. Kipini kikizunguka, filamu inatembea. Kikitulia tuli huku kihesabio kinaongezeka, kamera inakudanganya: inahesabu picha ambazo hazipo. Kihesabio hufuata mkono wako, si lazima kifuate filamu. Fungua mara moja, chomeka upya. Utapoteza picha mbili tatu za mwanzo, basi.

Kwenye kamera za otomatiki kazi ni fupi. Unavuta ulimi hadi alama nyekundu au ya machungwa, unafunga, injini inalia, namba 1 inatokea. Isipotokea, fungua, vuta ulimi sentimita moja zaidi, ufunge tena.

Kama kamera ina gurudumu la ASA, liweke kwenye namba ya filamu yako sasa hivi, kabla hujasahau. Kisha zungusha tepu nyeusi kwenye ukingo wa mlango. Tepu inafanya kazi mbili: inaziba mwanga unaovuja, na inamzuia mdogo wako kufungua ili aone picha zimetoka vipi.

## Hatua ya 4: Ulishe mwanga

Kamera ya plastiki haijui kama uko Uhuru Park saa sita mchana au ndani ya mkahawa wa River Road. Itafungua kile kitundu kidogo, muda ule ule. Wewe ndiye wa kuipeleka penye mwanga.

Macho yetu yanatudanganya hapa. Chumba chenye taa kinaonekana angavu, lakini mwanga wake ni mdogo mara mamia kuliko wa jua la nje. Kwa hiyo weka kanuni hii kichwani: ndani ya nyumba, flashi, kila mara, hata mchana, hata karibu na dirisha. Nje kukiwa na jua au mawingu mepesi, piga bila wasiwasi. Mawingu mazito yakitanda na una filamu ya 200, washa flashi kama mtu yuko karibu. Flashi hizi ndogo hufika kama mita moja na nusu hadi tatu. Kuwashia Kenyatta Avenue nzima usiku ni kupoteza betri.

Kwa wenye kamera ya kurekebisha, tumia kanuni ya jua na 16. Jua likiwaka na vivuli vina kingo kali, weka tundu la lenzi kwenye f/16 na spidi iliyo karibu na namba ya filamu: filamu ya 200, spidi 1/250. Vivuli vikilainika, f/11. Vikipotea, f/8. Mawingu mazito, f/5.6. Chini ya mti wa Arboretum au kwenye kivuli cha jengo, f/4. Ukisita kati ya namba mbili, chagua ile inayoingiza mwanga zaidi, yaani ndogo.

### Jua la Nairobi lina tabia zake

Tuko karibu kabisa na ikweta. Kuanzia saa tano hadi saa tisa mchana jua linasimama utosini, na uso wa mtu unapata mashimo meusi chini ya nyusi na pua. Kwenye filamu mashimo hayo hayana cha kuokoa. Piga watu kati ya saa moja na saa tatu na nusu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Na usichelewe: kufika saa kumi na mbili na nusu jua limezama au linakaribia kuzama, na magharibi yetu ni mafupi. Ukilazimika kupiga mchana, mpeleke mtu kwenye kibaraza au chini ya mwavuli wa muuza matunda, uso wake ukitazama upande wenye uwazi. Mwanga utamrudia kutoka ardhini na kutoka kwenye ukuta wa mkabala.

Jambo la pili ni ngozi nyeusi mbele ya anga nyeupe. Kipima mwanga cha kamera huona anga, kikadhani mwanga ni mwingi, kikabana. Matokeo: mawingu mazuri, na mtu asiye na macho wala mdomo. Ukiwa na kamera ya kupima, sogea karibu upime uso peke yake, au shusha gurudumu la ASA hadi nusu ya namba ya filamu. Ukiwa na kamera ya plastiki, badilisha ulichoweka nyuma ya mtu: ukuta wa mabati, lango, matatu yenye michoro, chochote kisicho anga. Hii peke yake imenusuru picha nyingi kuliko lenzi yoyote ya bei.

## Hatua ya 5: Piga

Simama angalau hatua mbili kubwa kutoka kwa unayempiga. Kamera za plastiki hazioni vizuri kitu kilicho karibu kuliko mita moja. Dirisha unalochungulia haliko mahali lenzi ilipo, kwa hiyo acha nafasi juu ya kichwa cha mtu, na hakikisha kidole chako hakijaegemea lenzi, dirishani hutakiona.

Kwa spidi ya 1/120 matatu inayokimbia itakuwa ukungu. Ngoja ifike stejini au inase kwenye foleni. Au ifuate kwa kamera kwa mwendo wake huku ukibonyeza. Gari litatulia na barabara ndiyo itakayokimbia.

Sokoni, omba kwanza. "Mama, naweza kukupiga picha moja?" inatosha, na mara nyingi kamera ya filamu inaleta mazungumzo kuliko simu. Akikataa, shukuru, songa. Usielekeze kamera kwenye vituo vya polisi, kambi za jeshi wala Ikulu. Mlinzi akikuzuia mbele ya jengo, usibishane naye kuhusu filamu. Hakuna picha ya kumwonyesha na hakuna ya kufuta, na hilo huwafanya baadhi yao watake kufungua kamera.

Kila baada ya picha kadhaa, rudi kwenye kile kipini. Bado kinazunguka? Andika daftarini: namba ya picha, mahali, jua au mawingu, flashi au hapana. Bila daftari hutajua kwa nini picha ya kumi ilikuwa nzuri.

## Hatua ya 6: Rudisha filamu ndani ya kikopo

Ukifika 36 au 37 (72 hivi kwa kamera ya nusu fremu) mkono utakuwa mgumu. Usilazimishe. Ukilazimisha, filamu inachomoka kwenye kikopo na haitarudi.

Bonyeza kitufe kidogo kilicho chini ya kamera, kunjua kipini, zungusha kufuata mshale. Utahisi ukinzani, utasikia msuguano, kisha ghafla kitakuwa chepesi. Hapo filamu imeachia spuli. Zungusha mara chache zaidi, ndipo ufungue.

Ikichanika ndani, usifungue mchana hata kidogo. Peleka kamera kwa fundi mwenye mfuko wa giza, au subiri usiku, ingia kwenye chumba kisicho na dirisha, ziba nafasi ya chini ya mlango kwa taulo na uitoe kwa kupapasa. Iweke kwenye kopo jeusi lenye kifuniko na uandike juu yake: ISIFUNGULIWE.

## Hatua ya 7: Kusafisha

Studio zinazosafisha filamu katikati ya mji si nyingi kama zamani. Piga simu kabla ya kwenda, uulize mambo matatu: mnasafisha C-41 (dawa za filamu ya rangi) siku gani, mnaskani kwa ukubwa gani, na je, mnarudisha negativu? Swali la tatu ni la lazima. Studio nyingine hutuma faili tu, na negativu zinaishia kwenye pipa.

Filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe, kama Ilford HP5 Plus, haiingii C-41. Dawa hizo huondoa fedha yote inayobeba picha, unabaki na plastiki safi. Ukitaka nyeusi na nyeupe kupitia C-41, nunua Ilford XP2 Super, imetengenezwa kwa ajili hiyo.

Kusafisha nyumbani kutakuokolea pesa baadaye, lakini usianzie hapo. Ukifika wakati huo, anza na nyeusi na nyeupe: HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 isiyoongezwa maji ni dakika saba na nusu kwa nyuzi 20. Wapo pia wanaosafisha kwa kahawa ya unga ya mara moja, vitamini C na sodiamu kaboneti. Usidhani magadi ya kupikia githeri yatafanya kazi kwa kipimo kile kile. Yamechanganyika na bikaboneti na nguvu yake ni ndogo.

## Hatua ya 8: Soma negativu kabla ya kulaumu mtu

Inua utepe mbele ya dirisha. Pembeni mwa vitundu kuna namba na jina la filamu vilivyochapwa kiwandani kwa mwanga. Hivyo ndivyo vitakavyosema ukweli.

Namba zipo, picha hakuna. Studio ilifanya kazi yake. Filamu haikutembea, au shata haikufunguka. Rudi hatua ya 3.

Hakuna namba wala picha. Tatizo liko kwenye dawa, au nyeusi na nyeupe ilitiwa C-41. Hapo una haki ya kurudi kuuliza.

Utepe wote ni mweusi, hadi kingoni. Mlango ulifunguliwa, au filamu iliona mwanga.

Picha zipo lakini hafifu, karibu kupotea. Mwanga haukutosha. Linganisha na daftari. Utakuta karibu zote ni za ndani bila flashi au za jioni.

Michirizi mieusi inayoanzia kwenye vitundu. Mwanga unavuja mlangoni. Kwenye picha itatokea kama miali ya machungwa. Wengine huiacha makusudi. Usipoipenda, ongeza tepu.

Picha zimepandana. Filamu inateleza kwenye meno. Vuta mkono hadi mwisho kila mara, na ikiendelea, mpelekee fundi.

Mkanda wa kwanza ukikupa picha 15 zinazoonekana vizuri, umefaulu. Wa pili utakupa zaidi kwa filamu ile ile.

## Hatua ya 9: Skani kwa simu

Kama ulilipia kusafisha tu, fungua ukurasa mweupe kwenye laptopu na uongeze mwanga hadi mwisho. Zima taa za chumba. Kata dirisha la ukubwa wa picha moja kwenye kadibodi nyeusi, ushikize negativu hapo, kisha uinue sentimita tano hivi juu ya skrini kwa kutumia glasi mbili au vitabu. Ukiilaza juu ya skrini moja kwa moja, vinukta vya skrini vitaingia kwenye picha.

Shika simu sambamba kabisa na negativu, piga, kisha geuza rangi kwa programu ya kuhariri. Itatoka na ubuluu mwingi kwa sababu plastiki ya negativu ina rangi ya machungwa. Ongeza wekundu na unjano taratibu mpaka ngozi ifanane na ngozi.

Ukimaliza, kata negativu vipande vya picha sita, uziweke kwenye mifuko ya plastiki ya negativu ndani ya faili, mbali na ukuta unaotoa unyevu. Andika tarehe na aina ya kamera kwenye mfuko, si kwenye filamu.